Mtindi, Bakteria Rafiki na Ukuta wa Utumbo: Somo kwa Mlaji wa Musoma, Bunda na Butiama

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa kumwezesha mlaji kufanya mambo matatu. Kwanza, kuelewa ukuta wa utumbo ni kitu gani, hufanya kazi gani na huharibiwa na nini. Pili, kuyapima madai yanayotolewa kuhusu vyakula na vidonge vyenye bakteria hai, ambavyo siku hizi huitwa probiotiki. Tatu, kuamua anunue nini kwanza kwa fedha aliyo nayo, hasa mtu wa nyumbani kwake anapougua tumbo.

1. Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa mama mmoja mkazi wa Bunda mjini. Mtoto wake ana umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu, naye ameharisha kwa siku mbili. Ndani ya nyumba kuna shilingi elfu kumi na tano, na mwisho wa mwezi haujafika.

Asubuhi jirani anamwambia, “Mwenzangu, mpe mtindi. Mtindi hufunga tumbo.” Mchana anapita mchuuzi wa virutubisho akiwa na kopo dogo lenye maandishi ya kigeni. Anaeleza kuwa vidonge hivyo ni bakteria rafiki “wanaoziba utumbo unaovuja”, na kwamba dozi ya siku tano ni shilingi elfu kumi na mbili tu. Jioni wifi yake anafika, anamtazama mtoto, na kusema, “Wifi, huyu tumpeleke zahanati.”

Wote watatu wamezungumzia tumbo lile lile. Fedha ni moja, na muda wa mtoto ni mfupi. Tutarudi kwa mama huyu mwishoni mwa somo, baada ya kupata maarifa ya kumjibu kila mmoja wa washauri wake.

2. Ukuta wa utumbo ni kitu gani

Chakula kilichomo ndani ya utumbo bado hakijaingia mwilini. Kiko katika njia ndefu inayoanzia mdomoni, na kati yake na damu kuna ukuta mwembamba. Kwa upande wa ndani ukuta huo una safu moja tu ya seli. Juu ya seli hizo umetandazwa ute mzito. Kati ya seli na seli kuna vifungo vya protini vinavyozishikanisha. Chini yake zimejipanga chembe za kinga ya mwili, tayari kupambana na kimelea kitakachopenya. Seli za safu hiyo huchakaa na kubadilishwa na mpya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Ndiyo sababu ukuta ulioumia unaweza kupona haraka, iwapo mwili una chakula cha kujengea.

Ukuta huu una kazi mbili zinazokwenda pamoja: kupitisha maji, chumvi na virutubisho viingie katika damu, na kuvizuia vimelea na sumu zao visiingie. Mvuvi wa mwalo wa Mwigobero pale Musoma atauelewa kwa urahisi akifikiria wavu. Wavu mzima hupitisha kinachotakiwa kupita na kuzuia kinachotakiwa kuzuiwa. Ukichanika hauchagui tena. Tofauti ni kwamba utumbo uliochanika hupoteza pande zote mbili: virutubisho havifyonzwi vizuri, na visivyotakiwa hupenya.

Wataalamu wana njia ya kuupima ukuta huu bila kumpasua mtu. Mgonjwa hunyweshwa maji yenye sukari za aina mbili: manitoli, ambayo chembe zake ni ndogo, na laktulosi, ambayo chembe zake ni kubwa zaidi. Kisha mkojo wake hukusanywa na kupimwa. Laktulosi ikionekana kwa wingi kuliko kawaida ikilinganishwa na manitoli, ni dalili kwamba ukuta unapitisha vitu ambavyo ungepaswa kuvizuia.

Mambo yanayoharibu ukuta wa utumbo yanajulikana. Ya kwanza ni kuhara kwa mara kwa mara. Ya pili ni kuishi katika mazingira ambamo kinyesi cha binadamu au mifugo hufikia maji, vyombo na mikono ya watoto. Mtoto wa mazingira hayo anaweza asionekane mgonjwa kila siku, lakini vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula ndani ya utumbo wake hufupika, ukuta huvimba, na mtoto hudumaa ijapokuwa anakula. Ya tatu ni utapiamlo wenyewe, kwa kuwa mwili wenye njaa hauna cha kujengea seli mpya. Yapo pia maambukizi ya virusi vya UKIMWI yasiyotibiwa, unywaji wa pombe kupita kiasi, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni bila ushauri wa daktari.

3. Bakteria rafiki ni wepi

Neno probiotiki lina maana maalumu. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) walikutana Cordoba, Argentina, wakakubaliana kuwa probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya. Mlaji ayashike maneno matatu katika maelezo hayo: hai, kiasi cha kutosha, na faida. Bidhaa inayokosa mojawapo haistahili jina hilo.

Kuna neno la nne ambalo wauzaji wengi hulikwepa, nalo ni uzao. Bakteria wa jina moja si lazima wafanye kazi moja, kama vile ng'ombe wote ni ng'ombe lakini hawatoi maziwa sawa. Kwa mfano, uzao uliochunguzwa sana duniani huitwa Lactobacillus rhamnosus GG. Herufi hizo mbili za mwisho zimetokana na majina ya watafiti wawili wa Marekani, Gorbach na Goldin, waliougundua katika miaka ya 1980. Utafiti uliofanywa juu ya uzao huo hauwezi kutumika kuuzia bidhaa yenye uzao mwingine.

Hivyo basi, mtindi wa nyumbani una bakteria hai, na ni chakula bora, lakini hatuwezi kuuita probiotiki kwa kuutazama tu. Bakteria wake hawajatambuliwa wala kuhesabiwa. Kusema hivi hakupunguzi thamani ya mtindi. Kunamlinda mlaji asiuziwe kikombe cha mtindi kwa bei ya dawa.

4. Wanavyoweza kuusaidia ukuta

Katika maabara, baadhi ya bakteria hawa wameonyesha njia kadhaa za kuusaidia ukuta wa utumbo. Huchukua nafasi na chakula ambavyo vingetumiwa na vimelea. Hutengeneza asidi laktiki, ambayo vimelea wengi hawaipendi. Huchochea utando wa ute uwe mzito zaidi. Huimarisha vile vifungo vya protini kati ya seli. Huzungumza na chembe za kinga, zikapunguza uvimbe usio wa lazima.

Aidha, bakteria wengi wema tayari wamo tumboni mwetu, nao hutegemea chakula tunachowapa. Nyuzinyuzi za maharage, mtama, ulezi, viazi vitamu, mboga za majani na matunda hufika katika utumbo mpana zikiwa hazijameng'enywa. Huko bakteria huzichachusha na kutengeneza asidi nyepesi ambazo ndizo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Mlaji anayetumia fedha nyingi kununua bakteria wa kopo huku akila ugali mweupe bila mboga anawaleta wageni nyumbani pasipo na chakula.

Lakini jambo lililoonekana katika chupa ya maabara halijawa tiba. Lazima lithibitishwe kwa watu.

5. Utafiti kwa watu umeonyesha nini

Tanzania ina ushahidi wake katika suala hili. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa watoto wadogo waliokuwa wakiharisha. Baadhi walilishwa uji wa kawaida, wengine uji uliolainishwa kwa kimea, na wengine uji uliolainishwa kwa kimea na kuchachushwa. Kipimo cha sukari mbili kilionyesha kwamba walipopokelewa, kuta za matumbo yao zilikuwa zikipitisha vitu kupita kiasi kuliko za watoto wenye afya. Katika siku tatu za mwanzo, nafuu ya ukuta ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliopata uji uliochachushwa kuliko kwa waliopata uji wa kawaida. Katika miaka hiyo hiyo watafiti walichunguza watoto wa Ilula, mkoani Iringa, waliokuwa wakinywa togwa, wakakuta vimelea vya kuharisha vichache zaidi katika vinyesi vyao.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yasomwe kwa uangalifu. Yalihusu chakula, si kidonge. Watoto wa Dar es Salaam walikuwa chini ya uangalizi wa hospitali. Na faida iliyopimwa ilikuwa ya siku za mwanzo za ugonjwa.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili. Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwapa watoto wa vijijini uzao wa GG kwa siku 30 ili kuona kama kuta za matumbo yao zingeimarika. Hazikuimarika kuliko za watoto wasiopewa. Mwaka 2009, huko huko Malawi, watoto 795 wenye utapiamlo mkali walishirikishwa katika utafiti mwingine. Waliopewa mchanganyiko wa bakteria na nyuzinyuzi hawakupona kwa wingi zaidi ya wenzao. Mwaka 2018 tafiti mbili kubwa za Marekani na Kanada zilionyesha kuwa probiotiki hazikuwasaidia watoto waliofika hospitali na maradhi makali ya kuharisha na kutapika.

Kwa upande mwingine, mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa India uliowahusisha watoto wachanga zaidi ya 4,500 wa vijijini. Waliopewa kwa siku 7 uzao maalumu wa Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuulisha walipata maambukizi ya damu au kufariki kwa kiwango cha asilimia 5.4, ikilinganishwa na asilimia 9 kwa wasiopewa. Vilevile, upo ushahidi mzuri kiasi kwamba baadhi ya uzao hupunguza kuhara kunakosababishwa na matumizi ya antibiotiki.

Jirani zetu wa Mwanza nao wana historia ya kutazamwa. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kikundi cha wanawake cha Tukwamuane, eneo la Mabatini, kilizalisha mtindi wenye uzao wa Lactobacillus rhamnosus GR-1 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mtindi huo uliwapatia wanawake kipato na majirani zao lishe. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa Mwanza kwa watu wazima 112 wenye virusi vya UKIMWI ambao walikuwa hawajaanza dawa za kufubaza virusi, haukuonyesha kwamba bakteria walioongezwa katika mtindi waliinua chembe za CD4 kuliko mtindi usioongezwa. Waliotumia waliustahimili vizuri, chakula kilikuwa chema, dawa hakikuwa.

Ukiyaweka matokeo haya pamoja, hitimisho la mlaji ni hili: bakteria rafiki wanaweza kusaidia, kwa uzao fulani, kwa kiasi fulani, kwa mtu fulani na kwa tatizo fulani. Anayekuuzia bidhaa moja kwa matatizo yote hana utafiti wa kumuunga mkono.

6. Mtindi wa nyumbani: faida na hatari

Mkoa wa Mara ni nchi ya ng'ombe. Kuanzia Nyamuswa hadi Kiabakari, na kutoka Majita hadi Butiama, maziwa ni sehemu ya mlo na ya heshima ya nyumba. Mtindi una protini na kalisi, na kwa kuwa bakteria wameshatumia sehemu ya sukari ya maziwa, mtu ambaye maziwa mabichi humjaza gesi huweza kuustahimili.

Hatari iko katika maziwa yasiyochemshwa. Wapo wanaoamini kwamba kuganda kwa maziwa huua vimelea vyote. Si kweli. Ukali wa mtindi hupunguza baadhi yao, lakini vimelea wa brusela, wanaoleta homa za kurudia-rudia, maumivu ya viungo na mimba kuharibika, wanaweza kuishi ndani ya mtindi kwa siku kadhaa. Vimelea wa kifua kikuu cha ng'ombe nao hupita katika maziwa. Hivyo mtu anaweza kunywa mtindi kwa nia ya kulinda utumbo wake, akajipatia ugonjwa utakaomlaza.

Njia salama ya kutengeneza mtindi nyumbani ni hii:

a) Nawa mikono kwa sabuni. Osha sufuria, chombo cha kugandishia na kifuniko chake, kisha vimwagie maji yaliyochemka.

b) Chuja maziwa na uyachemshe hadi yatokote na kupanda, huku ukikoroga.

c) Yafunike na kuyaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, kiasi ambacho kidole safi kinaweza kuvumilia bila kuungua. Maziwa ya moto sana yatawaua bakteria utakaowatia. Ya baridi sana yatawachelewesha, na vimelea vingine vitatangulia.

d) Tia vijiko viwili au vitatu vya mtindi mzuri kwa kila lita. Mtindi huo wa kuanzishia utoke katika pakiti iliyothibitishwa au katika mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Usitumie mabaki ya mtindi wa maziwa mabichi, kwa maana utarudisha kile ulichokiua kwa moto.

e) Funika, viringisha kwa blanketi, na uache bila kutikisa kwa saa 6 hadi 12.

f) Ukishaganda, uweke mahali pa baridi. Penye jokofu utadumu siku kadhaa. Pasipo jokofu utumike ndani ya siku moja au mbili. Wenye ukungu, rangi ya ajabu au harufu ya uvundo, umwagwe.

Jambo moja zaidi: mtindi ukichemshwa au kutiwa katika uji unaotokota hupoteza bakteria wake hai. Protini na kalisi hubaki. Anayewataka bakteria autie uji ukishakuwa vuguvugu.

7. Unaponunua dukani au sokoni

Kwa mtindi wa kupimiwa kwa kikombe, uliza maswali mawili bila kuona haya: “Maziwa haya yalichemshwa?” na “Yameganda tangu lini?” Mfanyabiashara mwaminifu atajibu. Tazama chombo, kifuniko na kata ya kuchotea. Mtindi unaouzwa juani karibu na stendi, ndani ya ndoo iliyo wazi, usinunuliwe hata kama ni wa bei nafuu.

Kwa bidhaa iliyofungwa, soma lebo. Itazame alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na maelekezo ya kuhifadhi. Iwapo bidhaa imeandikwa kuwa ina bakteria rafiki, tafuta pia mambo haya:

– Jina kamili la bakteria, pamoja na herufi au namba za uzao. Maneno “bakteria hai” peke yake hayatoshi kuthibitisha dai la kiafya.

– Idadi yao hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, na si siku ya kutengenezwa tu. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2003 kinataka maziwa yaliyochachushwa yawe na angalau bakteria milioni 10 wa kuanzishia kwa kila gramu, na bakteria wengine wanaotajwa kwenye lebo wawe angalau milioni 1 kwa gramu.

– Kama bidhaa ilipashwa moto baada ya kuchachushwa. Mtindi wa namna hiyo hudumu muda mrefu bila jokofu, na ni chakula kizuri, lakini bakteria wake hawako hai.

– Kama muuzaji amefuata maelekezo ya kuhifadhi. Pakiti iliyoandikwa “hifadhi penye baridi” ikikutwa juu ya rafu yenye joto, kilichomo hakilingani tena na kilichoandikwa.

8. Madai ya kuyakataa

Kataa bidhaa yoyote inayodai kuponya vidonda vya tumbo, kisukari, UKIMWI, saratani na utasa kwa pamoja. Kataa dai la “kuziba utumbo unaovuja” lisilotaja uzao, kiasi na ugonjwa unaohusika. Kataa ushauri wa kuacha dawa ulizoandikiwa ili bakteria “wafanye kazi”. Kataa pia kifungashio ambacho lugha yake husomi wala muuzaji hawezi kuisoma.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) husimamia dawa na vifaa tiba. Bidhaa ya chakula inayouzwa kwa madai ya kutibu ni jambo la kutolewa taarifa. Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kuanza kwa afisa afya wa kata au wa halmashauri yake, au kuwasiliana na ofisi za kanda za taasisi hizo zilizopo Mwanza. Hifadhi kifungashio na stakabadhi. Malalamiko yasiyo na kifungashio ni vigumu kufuatiliwa.

9. Wanaopaswa kuwa na tahadhari zaidi

Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, bakteria hawa kwa kawaida hawana madhara zaidi ya gesi ya siku chache. Lakini watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wagonjwa waliolazwa wakiwa na mipira katika mishipa mikubwa ya damu, na watu ambao kinga yao imeshuka sana, wasipewe vidonge au unga wa probiotiki bila daktari. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa hizi kwa watoto njiti baada ya kifo cha mtoto mmoja. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe maziwa ya mama pekee. Kwa yeye hakuna kinga ya utumbo inayoyazidi.

10. Tunarudi kwa mama wa Bunda

Wifi ndiye aliyetoa ushauri wa kwanza kufuatwa. Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini, na kwa hilo dawa ni ORS, iliyochanganywa kwa maji salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kutumiwa ndani ya saa 24. Pamoja nayo hutolewa vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa umri huu, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekwisha. Zinki husaidia kuujenga upya ukuta wa utumbo. Kwa mujibu wa Sera ya Afya, huduma kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo. Dawa zikikosekana hapo, hupatikana katika maduka ya dawa muhimu kwa bei ndogo sana kuliko ya lile kopo.

Jirani naye hakukosea sana. Mtoto huyu aendelee kunyonya na kula. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, au uji laini uliopoa na kutiwa mtindi, ni chakula kinachofaa wakati wa kuhara na baada yake. Usiwe mbadala wa ORS, na usitoke katika maziwa mabichi.

Mchuuzi ashukuriwe na aendelee na safari yake. Kilichobaki cha zile elfu kumi na tano kinunue sabuni, maharage na mayai, na kuni au mkaa wa kuchemshia maji. Pale ambapo bomba limefika, kama katika maeneo ya mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, maji bado yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko na kuchotwa kwa kata yenye mpini, kwa kuwa mengi huchafuka yakiwa nyumbani.

Mtoto akiwahishwe kituoni mara moja, hata usiku, iwapo ana damu kwenye choo, anatapika kila kitu, macho yamedidimia, hawezi kunywa au kunyonya, amelegea au ana degedege.

Muhtasari

Ukuta wa utumbo hulindwa kwanza na maziwa ya mama, chakula mchanganyiko, maji salama, choo, mikono safi, chanjo, na matibabu sahihi ya kuhara. Mtindi salama ni sehemu nzuri ya chakula hicho. Probiotiki za kununuliwa zinaweza kuongeza msaada pale ambapo uzao wake unajulikana, uko hai, unatosha, na umethibitishwa kwa tatizo ulilo nalo. Zisipotimiza masharti hayo, fedha yako ina kazi nyingine.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtindi uliotengenezwa kwa maziwa mabichi unaweza kuleta ugonjwa ijapokuwa ni mkali?

2. Chukua pakiti moja ya mtindi iliyopo dukani kwenu. Je, imetaja uzao wa bakteria? Imehifadhiwa kama ilivyoelekezwa?

3. Ndugu yako anataka kuacha dawa alizoandikiwa ili atumie vidonge vya bakteria rafiki. Utamweleza nini?

4. Taja vitu viwili ambavyo mtoto anayeharisha anapaswa kupewa kabla ya kitu kingine chochote cha kununuliwa.